Mtu wa Felícita

Katika mji ule ilikuwa alasiri siku zote. Jua lilisimama pale linapokuwa wakati mtu anapoanza kufikiria kurudi nyumbani, likakataa kushuka. Sikumbuki niliufikia kwa njia gani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikitembea na swali langu, swali nililolibeba tangu ujana kama kijiwe ndani ya kiatu: je, jina humkuta mtu tayari yupo, au mtu huanza kuwapo pale anapoitwa? Siku zote nilidhani hilo ni swali la wanafalsafa. Mji ule ulinionyesha kwamba ni swali la wachimba makaburi.

Maana huko kila mtu alikuwa na kisanduku. Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo, kimechorwa kwa wino kwenye karatasi, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Ukifika langoni afisa huweka alama ya vema ndani ya kimoja tu, na tangu hapo kisanduku kile hukua. Huwa mtaa wako. Huwa shule ya wanao, daktari wako, benchi unalokalia ukingoja kuitwa. Mwisho huwa kaburi lako. Makaburi ya mji yalikuwa manne, yametengwa kwa kuta zinazompita mtu mrefu mara mbili: ya Weupe, ya Weusi, ya Wahispania, na ya Wengineo. Asiyekuwa wa kisanduku kile haruhusiwi kupita lango lake, akiwa hai wala akiwa maiti. Katika makaburi ya Wengineo hapakuwa na jina hata moja. Kila msimu ardhi ile ililimwa, ukapandwa mtama juu yake, na mtama ulistawi sana.

Mimi walinipokea vizuri. Maisha yangu yote nimekuwa fundi wa kuandika vibao: vya maduka, vya barabara, vya mageti ya shule. Herufi zangu hazijapata kulala upande. Walipouona mwandiko wangu wakaniweka kuwa shahidi wa dirisha la tatu, kwa sababu sheria yao ilitaka kila karatasi ishuhudiwe na mtu asiye ndugu. Kwa walio hai, shahidi alitia jina tu. Kwa maiti, shahidi alitakiwa aandike kwanza asili yake mwenyewe, kwa ukamilifu, kwa kuwa maiti haulizwi tena, na mji ulitaka angalau mmoja kati ya wawili hao awe ameulizwa. Nilikuwa sijapata kumshuhudia maiti. Vuai Haji, niliandika, mara mia, mara elfu, Vuai Haji, na nilijiona mtu.

Kati ya kengele tatu za kufunga madirisha, ya kwanza ilikuwa imeshalia alipokuja mwanamke akisukuma mkokoteni.

Alikuwa mweusi kama mimi, mnene kiasi, kilemba cheupe kichwani, na kwa mbali nilimdhania mtu wa kwetu. Juu ya mkokoteni palilala mtu amefunikwa shuka. Upande wa pili wa mkokoteni alisukuma mzee mfupi mwenye uso mpana wa watu wa milimani, koti jeupe la kinyozi mwilini, wembe umefungwa kwenye mfuko wa kifuani. Foleni iliwapisha. Katika mji ule watu hugombania nafasi na walio hai tu.

Karani wa dirisha la tatu aliitwa Bwana Montoya. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama alipomwona maiti, akakaa tena, akachukua kalamu.

"Pole, Doña Tomasa," alisema. Doña kwao ni heshima, kama sisi tusemavyo Bibi. "Marehemu nani wako?"

"Ndugu yangu. Crisanto Batiz Norales."

"Norales, Crisanto," karani akaandika.

"Batiz ndilo la baba. Norales la mama."

"Hapa tunachukua la mwisho."

"Basi umeshamzika baba yetu kabla hujamzika mwanawe. Endelea, mwanangu."

Bwana Montoya akainuka, akaenda kwenye makabati, akarudi na karatasi ya Crisanto ya siku ya kufika, iliyokuwa imegeuka rangi ya chai. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanisogezea nami niione. Swali lilisema: Asili yako ni ipi? Chini yake visanduku vyote vinne vilikuwa vyeupe. Pembeni, kwa penseli, kwa mkono wa mtu asiyeandika mara nyingi, paliandikwa: wa Felícita.

"Hiki ni nini?"

"Ni jina la mama," alisema Doña Tomasa. "Kwetu pwani hakuna anayekuuliza wewe ni nini. Hilo ni tusi, wanaulizwa wanyama. Ukipita kijiji ambacho hawakujui, kibibi anatoa kichwa dirishani: wewe wa nani? Ukimjibu, anajua akupe maji au akuachie mbwa. Crisanto alipoona swali lile alidhani karatasi ina adabu. Akaijibu mwenyewe afisa alipogeuka, na karatasi ikapita bila vema."

"Amekaa hapa miaka ishirini bila kisanduku?"

"Amekaa kwangu. Ana miguu, alikuwa akipita mlango wa nyuma."

"Na mama yenu yuko wapi?"

"Kwa Weusi. Siku tuliyofika, afisa alimtazama usoni, akaweka vema, hakumwuliza neno. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Nikamwamkia yule afisa kwa Kihispania, kwa adabu tu, akaniweka kwa Wahispania. Mama na mwana, meza moja, dakika moja. Mama alipokufa nilisikiliza mazishi kutoka nje ya ukuta. Miaka kumi na moja sasa. Jumapili naenda pale nampigia kelele habari za nyumbani."

Karani alikohoa. "Marehemu alisema Kihispania?"

"Vizuri kukushinda wewe, mwanangu."

Foleni ilicheka, na Bwana Montoya akacheka pia, sauti ikimtoka puani, maana alikuwa Mhispania kwa kisanduku na kwa jina, lakini lugha yenyewe ilikufa na babu yake. Kisha akasema, kwa upole uliotisha kuliko ukali: "Kengele ya tatu ikilia naye hana alama, ni Wengineo. Si mimi, Doña. Ni saa. Kaeni pale na shahidi, mkubaliane neno moja."

Tukakaa kwenye benchi, watatu, na mkokoteni mbele yetu. Upepo uliinua ncha ya shuka nikauona uso wa Crisanto. Ulikuwa umenyolewa vizuri sana.

"Alifia kwenye kiti changu," kinyozi aliniambia. Jina lake Ulises. "Nilikuwa nimemaliza shavu moja. Sikuweza kumwacha vile. Nikamalizia la pili, ndipo nikaenda kumwita dada yake."

"Na ukamkata hapa," alisema Doña Tomasa, akigusa kidevu cha maiti.

"Mkono ulitetemeka."

"Alipokuwa hai ulikuwa ukimkata pia."

"Alipokuwa hai alikuwa haachi kuongea!"

Kisha Doña Tomasa akafungua kitambaa, akatoa mkate mwembamba, mkavu, mpana kama ungo, akauvunja vipande vitatu. Niliuma. Ulimi wangu uliujua kabla mimi sijaujua. Ulikuwa muhogo.

"Muhogo mchungu," alisema. "Ule wenye sumu."

"Sisi ule tunauvundika," nikamwambia, nikifurahi kuwa na la kusema. "Tunaufunika mpaka uote ukungu, tunaukwangua, tunauanika."

"Sisi tunaukuna. Tunaushindilia kwenye kifumbu cha kusuka, kirefu kukuzidi wewe. Tunakitundika, tunapitisha gogo chini yake, msichana mnene anakalia gogo. Kifumbu kinajivuta, kinakonda kama nyoka, na sumu inachuruzika mpaka iishe. Msichana mnene nilikuwa mimi."

"Na maji yale mnayamwaga?"

"Ya juu tu. Chini hutuama wanga. Tulikuwa tunapigia nguo pasi. Kola ya padri, kola ya hakimu, kola ya karani wa serikali, zote zilisimama wima kwa sumu yetu."

Nilikaa na kipande cha mkate mkononi nikafikiri. Neno linalokusanya watu wengi ni kifumbu. Wanaingizwa humo wa kila shamba, waliokunwa vizuri na waliokunwa vibaya, na mtu anakalia gogo. Kinachobaki ndani hushikamana, kinakuwa mkate, na mkate hushibisha. Asiyekubali hilo hajawahi kulala njaa. Lakini kilichochuruzika ni nini? Mkamuaji husema ni sumu. Mwenye kukamuliwa hawezi kusema, kwa sababu kinywa chake ni sehemu ya kilichochuruzika. Na je, lile lililotuama chini, jeupe, lisiloliwa, linalosimamisha kola za wengine, hilo tuliite nani? Niliwaza hivyo mpaka mkate ukaniishia.

"Mwandikishe Mhispania, yaishe," Ulises alikuwa akisema.

"Hispania nimeiona kwenye ramani. Ina umbo la ngozi ya ng'ombe iliyowambwa. Sina mtu huko."

"Wala mimi sina mtu! Nani ana mtu huko? Ni neno tu."

"Vijana wa mtaani wanasema tujiite Walatino. Nikauliza Mlatino ndiye nani, wakaniambia neno lenyewe limetoka Rumi. Sasa mimi na Rumi wapi na wapi?"

"Kisanduku cha Walatino hakipo hata hivyo."

"Wanakidai. Wakikipata watajengewa ukuta wa tano."

"Tomasa, usilitukane neno." Kinyozi alikuwa amegeuka kumtazama usoni, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Baba yangu hakujua Kihispania. Alisema lugha ya milimani, na kwa Kihispania alijua kuomba radhi tu. Tulipofika hapa tulikuwa familia tisa jengo zima. Binti yangu aliugua. Nani atawasikiliza watu wa familia tisa? Daktari alimwonyesha mke wangu vidole, moja, mbili, tatu, kama anayemfundisha kasuku. Likaja neno hilo. Wakatuweka pamoja na watu wa visiwani, na watu wa nyikani, na wale wengine ambao hawakuhama popote, mpaka ndio uliowahama. Nusu yao siwapendi. Wale wa visiwani wanaongea kama wanameza nusu ya chakula. Lakini tukawa laki tatu. Watu laki tatu wanaletewa daktari anayewaelewa. Binti yangu yuko hai. Nikifa niandikeni Mhispania kwa herufi kubwa, nitalala vizuri tu."

Doña Tomasa alimshika goti. "Najua. Nami daktari wako huyo huyo ndiye anayenipa dawa ya shinikizo la damu. Sijasema neno halina kazi. Nasema halimtoshi Crisanto."

"Ninyi ni wangapi, Tomasa?"

"Wachache. Bibi zetu walikuwa watu wa kisiwa, na babu zetu walikuwa Waafrika ambao bahari iliwatema kabla hawajauzwa. Wakaoana, wakapata lugha yao, wakajiita Wagarifuna, wakakataa kutawaliwa. Kwa kukataa huko wakapakiwa melini, wakatupwa ufuko wa mbali wafe. Hawakufa wote. Wale ambao hawakufa ndio mimi."

Ndipo nilipofanya kosa langu.

Nilikuwa nimemsikiliza, na moyo wangu ulikuwa umejaa, na mtu aliyejifunza ukubwani huwa na kiu ya kutoa uamuzi. Nikasimama. Nikanyoosha koti. Nikasema, kwa sauti ambayo dirisha zima liliisikia: "Jambo hili ni wazi. Mababu zake wametoka kwetu. Mtazameni uso. Huyu ni Mweusi, ni ndugu yangu wa damu, na mimi shahidi namwandika kwa Weusi alale na mama yake."

Niliketi nikitarajia shukrani. Doña Tomasa alinigeukia.

"Umemtazama uso," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaweka vema bila kumwuliza."

Nikalegeza koti nililolinyoosha.

"Yule afisa wa langoni naye alikuwa na mwandiko mzuri," alisema. "Mzee wangu, sikatai weusi. Weusi huu niliupata kwa mama yangu, na nikiuvua sina kingine cha kuvaa. Lakini ukimwandika hivyo peke yake, mimi nimebaki nje ya ukuta nikiwapigia kelele watu wawili badala ya mmoja. Na lugha aliyoniimbia Crisanto nikiwa na homa, na mkate huu, na bibi yake aliyekuwa mtu wa kisiwa, hivyo vyote ni Wengineo. Umenisaidia nusu. Hata kifo kilimkuta nusu, na Ulises akammalizia."

Kengele ya pili ililia. Haikulia kwenye mnara. Ililia ndani ya meno.

Nikamwuliza, "Unataka niandike nini?"

"Alichoandika yeye. Na neno la watu wetu kabla yake. Mstari wa chini upo, sivyo? Haujakatazwa."

Haukukatazwa. Chini ya visanduku palikuwa na mstari mfupi, mwembamba kama unywele, ambao sikupata kumwona mtu akiutumia. Nikachovya kalamu. Lakini mstari wa shahidi hutangulia. Asili ya shahidi, kwa ukamilifu. Nikaandika kama nilivyoandika maisha yangu yote, kwenye kila fomu, kwa herufi zisizolala: Mshirazi.

Wino ukajikusanya, ukawa matone, ukateleza kama maji juu ya jani la magimbi, ukadondokea gotini kwangu. Karatasi ikabaki nyeupe.

Nikabadilisha kalamu. Nikaandika tena. Matone.

"Wino mbovu," nikasema.

"Wino ule ule unaoandikia kila siku," alisema Bwana Montoya kutoka dirishani, bila kuinua macho.

Doña Tomasa aliinama akatazama pale ambapo pangekuwa na neno. "Umeandika nini hapo, mzee?"

Nikamwambia.

"Ndivyo ulivyo?"

Nikatazama mkono wangu. Haukuwa mkono wa mzee. Ngozi ilikuwa imevutika, kucha zina rangi ya bluu ya kibao nilichokuwa napaka, na ulinuka tapentaini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Benchi lilikuwa dawati. Mbele yangu taa ya chemli, na ubao, na Mwalimu Ramia amefungua daftari la wanafunzi wa darasa la jioni, watu wazima kumi na saba wenye mikono migumu.

Kabila?

Aliyenitangulia kasema Mshirazi, jina la waungwana. Mwalimu kaitikia kwa kichwa, kaandika.

Kabila?

Nyumbani ananingoja bibi yangu. Anatwanga mpunga wa nyumba za watu. Mtaa mzima unamwita Mnyasa.

Mnyasa. Jina la ziwa. Waliletwa watu wa kila namna kutoka ng'ambo ile, Wayao, Wangoni, Wamakua, watu wasiosikilizana hata salamu, na sokoni wakapewa jina moja, jina la maji waliyovushwa. Mimi siyo ziwa, bibi alikuwa akisema. Ziwa nililivuka tu.

Kabila, kijana?

Mshirazi, mwalimu.

Nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu kwa mara ya kwanza. Bibi akaniuliza, wamekuandika? Wamekuandika nani? Nikamwambia. Akanipakulia wali mwingi, akaniwekea na mchuzi, akakaa kando. Siku ile hakula nami.

Miaka hamsini na saba. Nikaoa kwa neno lile. Nikaozesha kwa neno lile. Nilipomzika bibi, nani alijua namzika nani?

"Mzee Vuai." Ilikuwa sauti ya Ulises, karibu sana. "Kengele."

"Mwache," alisema Doña Tomasa, na nikatambua kwamba yote yale nilikuwa nimeyasema kwa sauti. Kisha akaniambia, si kwa ukali: "Ndugu yangu analala kwenye mkokoteni kwa sababu aliandika kweli alipoulizwa. Yeye alikuwa na penseli tu. Wewe una wino na mwandiko wote huo. Unaogopa nani, na wote waliokuwa darasani wamekufa?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtu hawaogopi wenziwe wa darasani. Huogopa kwamba akiling'oa neno moja ukuta mzima utamwangukia, wanawe wakiwa ndani. Nilitaka kumwambia kwamba chumba changu katika mji ule, kitanda changu, cheo changu cha shahidi, vyote vilikuwa vimejengwa ndani ya neno lile. Lakini alikuwa ananitazama mtu mwenye maiti, na mbele ya mtu mwenye maiti maneno mengi huwa kama kelele za watoto.

Nikaandika: Mjukuu wa Nambewe, ambaye waliomnunua walimwita Faida.

Wino ukashika. Ulikuwa mweusi, umetulia, na herufi zilikuwa mbaya. Zilikuwa herufi za mtu anayeanza. Mkono wangu ulikuwa umerudi kuwa wa mzee, na chini, kwenye mstari mfupi wa marehemu, nikaandika kwa mkono huo huo: Mgarifuna. Wa Felícita.

Ukashika pia.

Bwana Montoya aliisoma karatasi mara tatu. "Hakuna makaburi ya jina hili," alisema.

"Yapo," alisema Doña Tomasa. "Yana urefu wa hatua tatu na upana wa hatua moja. Yako nyuma ya ukuta ule pale."

Akafungua kitabu kikubwa, kidole kikashuka kwenye safu za majina, kikasimama. Norales, Felícita. Safu ya arobaini, namba sita. Kisha akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwa midomo. Maiti atapelekwa mahali palipotajwa katika karatasi yake. Walioandika sheria ile waliamini kwamba karatasi haitataja ila sehemu nne. Aliinua muhuri akaushika hewani, na nikaona jasho chini ya kola yake.

"Babu yangu alikuwa na neno la kuagana na maiti," alisema. "Nimelisahau."

"Sema adiós, mwanangu. Inatosha. Si neno gumu."

Akalisema, vibaya, na muhuri ukashuka. Kisha akanitazama mimi. "Unajua kwamba umejifuta, mzee. Chumba chako atapewa mwingine."

Nikamwambia najua. Kengele ya tatu ilianza kulia tukiwa tayari tunasukuma mkokoteni uani, watatu, mbio za wazee, gurudumu moja likilia.

Mlinzi wa lango la Weusi alikuwa kijeba, mfupi aliyekomaa, aliyeketi juu ya pipa. Alisoma karatasi akaigeuza nyuma na mbele.

"Huyu wa mkokoteni sawa. Wewe mama?"

"Wa Felícita."

"Kadi yako inasema Mhispania."

Doña Tomasa aliivua kadi iliyoning'inia kifuani. Aliitazama kidogo, kadi ya dawa yake, ya mtaa wake, ya daktari anayemwelewa. Akamkabidhi Ulises. "Ukienda kwa daktari mwambie nimehama."

"Tomasa, vidonge vyako..."

"Vimebaki vya wiki mbili. Wiki mbili ni nyingi, usinilie hapa."

Mlinzi akanigeukia. "Na huyu?"

"Huyu wa Nambewe," alisema Doña Tomasa, na akaendelea kusukuma, na mlinzi akajikuta amesogeza miguu.

"Na wewe, koti jeupe?"

"Mimi kinyozi wake," alisema Ulises.

"Kinyozi huna kisanduku?"

"Ninacho. Nimekisahau nyumbani."

Mlinzi alicheka sana, cheko la kweli, lakini lango alilifunga. Ulises akabaki nje. Tulimsikia akitufuata kwa upande ule wa ukuta, akipiga hatua tulizopiga, akiuliza kila mara: mmefika? Mmefika? Ardhi ikoje, kavu? Msimlaze upande wa kidonda!

Safu ya arobaini ilikuwa mbali. Doña Tomasa alihesabu makaburi kwa sauti, akakosea, akarudi nyuma, akahesabu tena. Miaka kumi na moja alizungumza na mahali asipopajua, na alikuwa akizungumza kutoka pembe isiyo yake. Mama yake alikuwa mbali na ukuta, katikati, huenda hakusikia hata habari moja. Alipoona hilo alisimama. Akafunga kilemba upya. Kisha akawaambia wachimbaji wawili waliokuwa wamekuja na majembe wafungue kaburi ubavuni, waache udongo kidogo tu katikati, upana wa kiganja.

Walichimba. Jua halikusogea. Walipomaliza mmoja akatutazama. Kamba zilikuwa mbili, ncha nne, na wao walikuwa wawili.

"Ncha hushikwa na ndugu," alisema mchimbaji.

Doña Tomasa akachukua yake. Ya nne akanitupia mimi kifuani. "Shika vizuri. Usimtingishe, huyu si gunia la forodhani."

Nikaizungusha kamba kiganjani. Tukamwinua. Nimesoma mengi juu ya mwanadamu, na hakuna kitabu kilichoniambia kwamba mtu mmoja ana uzito kiasi kile. Kamba ilinichuna ngozi. Alishuka polepole, upande wa kichwa kwanza, kisha miguu, na nje ya ukuta sauti ya kinyozi ilikuwa bado inauliza.

Doña Tomasa alipiga magoti ukingoni, ncha ya kamba bado mkononi, akainamia ule udongo wa upana wa kiganja.

"Sogea kidogo, Mama," alisema. "Ni Crisanto."